Upele Ng'ambo ya Mtaro

Kiazi cha kwanza chenye upele nilikichimbua asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, na kwa kuwa mke mwenzangu alikuwa ng'ambo ya mtaro akichimba vyake, nilikirudisha shimoni upesi nikakifukia kwa mguu. Nilichelewa. Bi Mkubwa ana goti bovu na ana sikio moja tu linalofanya kazi, lakini jicho lake halijawahi kwenda likizo.

"Umeficha nini hapo?"

"Jiwe."

"Tangu lini jiwe likafukiwa?"

"Hili limekufa."

Akacheka kwa pua, akaendelea na jembe lake. Mimi nikachimba shina la pili, nikaona ni yale yale. Kiazi kilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, yameinuka na kupasuka katikati, kama kisigino chenye magaga cha mtu aliyekulia miguu peku. Nilidhani ni tope, nikasugua kwa kidole. Nikasugua kwa upindo wa gauni. Nikatemea mate. Mwisho nikaona ni ngozi yenyewe.

Hapo Bi Mkubwa alishavuka mtaro na fimbo yake. Akakichukua, akakigeuza.

"Eh! Kumbe viazi vinafanana na mwenye shamba."

"Mimi sina upele."

"Hujajitazama mgongoni."

Niseme mapema sisi ni nani, usije ukadhani tunachukiana. Yeye ndiye aliyeolewa kwanza, mimi nikaja miaka tisa baadaye. Nina miaka sabini na mmoja na bado naitwa Bi Mdogo, maana cheo hiki hakina kupanda: aliyekuja wa pili atazikwa wa pili hata akifa wa kwanza. Mume wetu alipofariki alituachia ua mmoja wenye nyumba mbili zinazotazamana, na shamba moja ambalo mtaro wa maji unalikata katikati. Juu ya mtaro kwake, chini ya mtaro kwangu. Yeye ana binti mmoja, anaishi mjini. Mimi Mungu hakunipa mtoto, akanipa ulimi.

Ulimi huo nimeutumia juu ya mwanamke yule miaka arobaini na minne, na mikono pia. Nimewahi kumshonea mikono ya gauni ikazibika, asubuhi ya kwenda harusini. Nimewahi kumwambia mgeni kwamba mwenzangu ni kiziwi kabisa masikio yote mawili, mgeni akapiga kelele tangu saa sita hadi saa kumi, na Bi Mkubwa akabaki ananinong'oneza, "Huyu maskini ana kichaa, mpe chai aende." Yeye naye alinilipa. Alinipa chai ya chumvi siku tatu mfululizo, kila siku akiniangalia machoni na kuniuliza kama imekolea, na mimi kwa ubishi nikainywa yote nikasema imekolea.

Ndivyo tulivyoishi. Mtu wa nje akitusikia anakimbia kutafuta wa kutuamua.

Kitu kimoja tu sikukifanyia utani. Kila Jumapili binti yake alikuwa akipiga simu. "Mama, chumba kipo, kina dirisha, choo ni cha ndani. Unangoja nini huko?" Na kila Jumapili Bi Mkubwa alimjibu maneno yale yale, kwa sauti, kwa sababu anaamini simu nayo ina sikio moja. "Siku udongo wangu utakaponikataa, njoo unichukue. Kabla ya hapo usinisumbue. Mtu halimi ghorofani." Mimi nikiwa jikoni niliyasikia maneno hayo, na kila mara moyo ulishuka, kisha ukapanda. Nikamwombea udongo wake kuliko nilivyouombea wangu.

Basi, viazi vyangu nilivipeleka kwa Chumvi. Huyo ni mkaanga chipsi, tulimpa jina hilo kwa sababu mkono wake hauna breki. Kibanda chake ni cha mabati manne, karai la mafuta, ndoo mbili za maji na stuli tatu, moja yenye miguu miwili na nusu ambayo humwekea mteja anayekaa sana. Akachukua kiazi changu, akakimenya kwa kile kisu chake kilicholika hadi kikawa kama jani la mchaichai. Akamenya baka la kwanza, akakuta limeingia ndani. Akamenya tena. Akaweka maganda huku na kiazi huku, tukatazama. Maganda yalikuwa mengi.

"Mama, hiki kilichobaki ni cha ndege."

"Si uwauzie ndege?"

"Ndege hawakai kwenye stuli." Akafuta kisu. "Ladha haina tatizo. Lakini mimi nitamenya mpaka saa ngapi? Vya dada yako vikoje?"

"Vyake kama mashavu ya mtoto mchanga."

"Basi niletee vya dada yako. Na wewe usininunie, mama, kiazi si sura."

Nilirudi na gunia langu kichwani, zito kuliko lilivyokwenda.

Sikukaa kulia. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitibu kila kitu kwa majivu: kidonda, harufu ya choo, hata paka mwizi. Nami nikasema, kama ni upele, majivu yataukausha. Nikaomba majivu kwa Chumvi, nikaomba kwa mwoka mikate, nikaomba jiko la shule ambako mpishi aliniuliza kama nimefiwa. Fundi wa kupaka kuta alinipa nusu ndoo ya chokaa iliyombakia. Nikamwaga vyote shambani, nikachimbia ndani, nikatoka huko mweupe kama mzimu wa mwenye kinu. Bi Mkubwa alikaa kwenye ukingo wa mtaro akanitazama kazi nzima.

"Unaupika huo udongo au unauzika?"

"Nauponya."

"Ungeuuliza kwanza unaumwa wapi."

Laiti ningemsikiliza! Msimu uliofuata upele haukupungua, uliongezeka. Mara ya kwanza nilikuwa nikihesabu vyenye upele. Mara hii kiazi kisafi ndicho kilichokuwa mgeni. Nilivijaza stoo mpaka kwenye mbao za juu, mlango ukawa haufungi. Chumvi hakutaka hata kuviona. Alisema nikipita navyo pale wateja watadhani ndivyo anavyokaanga.

Mchana mmoja Bi Mkubwa alikuja na kikapu cha viazi vyake, akakiweka kizingitini kwangu kwa kishindo.

"Utakula kwangu mpaka udongo wako upate akili."

"Dada, mimi..."

"Usinishukuru, utanichekesha, na nikicheka goti linauma."

Nikala viazi vyake miezi minane. Kila kikapu kilikuja na tusi lake, ili nisione haya. Na mimi nikila niliona haya vile vile.

Kisha goti likamzidi. Asubuhi moja alishindwa kwenda kumkatia majani ng'ombe wake. Ng'ombe mwenyewe tulimwita Shemeji, kwa sababu alifika hapa baada ya mwenye nyumba kufa, akala bila kuulizwa na hakuwahi kusema asante. Samadi yake yote ilikwenda shamba la juu, na ndiyo iliyolifanya shamba lile liwe jeusi, laini, ukishika linaacha mafuta mkononi. Ng'ombe akikonda, samadi inapungua, na shamba la juu linafuata. Niliiona njia nzima mpaka mwisho wake, na mwishoni niliona gari la binti yake limesimama uani.

Nikaanza kumkatia Shemeji majani mimi. Hilo Bi Mkubwa alilijua, akalikubali kwa kunitukana jinsi ninavyofunga mzigo. Kitu ambacho hakukijua ni hiki: kila alfajiri, kabla hajaamka, nilikuwa nikichukua viazi vyangu vya upele kutoka stoo, navikata vipande vidogo ng'ombe asije akakabwa, namwekea Shemeji karai zima. Vilikuwa vinakaa bure. Binadamu amevikataa, na tumbo la ng'ombe linasaga mpaka mabua. Upele ni nini kwake?

Kwa nini nilifanya siri? Nimejiuliza mara nyingi. Wema nao una haya yake kwa mtu aliyezoea utani. Ningemwambia, angenitazama kwa lile jicho na kuniuliza nataka nini. Na tena nilipenda afurahi bila kujua kafurahishwa na nani. Niliona huo ndio utani bora kuliko wote niliowahi kumfanyia.

Na alifurahi. Maziwa yaliongezeka kikombe, kisha viwili.

"Mtoto wewe," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "Shemeji kanenepa. Mimi naumwa goti, ng'ombe ananawiri. Ndiyo dunia hii."

"Labda amechumbiwa."

"Na nani, na wewe?"

Nikageuka nikacheka ndani ya kitambaa changu.

Ulipofika wakati wa kupanda, mbegu zake alinunua mpya, safi, zisizo na doa. Samadi niliibeba mimi, karai baada ya karai, kutoka zizini hadi juu ya mtaro. Yeye alikaa kwenye stuli katikati ya matuta akinielekeza kwa fimbo.

"Hapo hujatia. Unanyunyiza kama chumvi kwenye mboga ya mgonjwa. Jaza!"

Nikajaza. Mgongo ulikuwa unawaka moto na nilikuwa nimefurahi. Kila tuta nililijaza kwa mikono yangu hii.

Mvua ilikuja vizuri mwanzoni, ikakatika wiki nne hivi wakati viazi vinaanza kufunga chini, ikarudi. Majani yalisimama mazuri. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Siku ya kuchimba nilikuwa uani nikipepeta maharage. Nilisikia jembe lake likigonga, likigonga, likanyamaza. Nikangoja lianze tena. Halikuanza.

"Bi Mdogo," akaita. "Njoo."

Hakusema mtoto wewe. Nikaacha ungo chini.

Nilimkuta amepiga lile goti bovu chini, kitu ambacho daktari alimkataza. Mbele yake palikuwa na mashina matatu yaliyochimbuliwa. Kwenye kiganja alikuwa na kiazi kikubwa, kile ambacho Chumvi angekipigia magoti, na kilikuwa na mabaka kuanzia juu hadi chini. Alikuwa anakisugua kwa kidole gumba. Nilijua atakachofanya baadaye. Akakisugua kwa gauni. Akatemea mate.

"Ni tope," nikasema.

"Siyo tope."

Tukachimba pamoja tuta zima. Katika ndoo sita, visafi havikujaa sahani.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya kilimo. Ni chumba kimoja chenye meza mbili, kabati lililofungwa kwa waya, na ukutani picha ya funza wa mahindi amechorwa mkubwa kama mkono wangu. Afisa kilimo ni mama wa makamo, mfupi, miwani yake imeungwa kwa uzi. Nilitaka kumtania juu ya ule uzi, nikaghairi. Nikamwekea kiazi mezani juu ya karatasi zake.

"Huu ni ukurutu wa viazi," akasema mara moja. "Twende nikaone."

Akaja kwa pikipiki yake, mimi nyuma nimeshika begi. Alichimba kidogo shamba langu, akachimba shamba la juu. Akatia udongo kwenye chupa za maji, akatikisa, akachovya vikaratasi vya kupimia, akatazama rangi. Tulikaa uani, Bi Mkubwa kwenye stuli, mimi kwenye kizingiti.

"Hawa ni vimelea, wadogo, huwaoni kwa macho," akasema. "Wanaishi kwenye udongo wenyewe. Kiazi kikianza kufunga na ardhi ikawa kavu, wanaingia kwenye ngozi. Kula mnaweza kula, hakidhuru mtu. Lakini shamba la chini, mama, lina hali mbaya. Ulitia nini?"

"Majivu. Na chokaa kidogo."

Akavua miwani. "Wanapenda hivyo. Udongo mchachu huwazuia. Wewe uliuondoa uchachu ukawatandikia kitanda."

Bi Mkubwa hakucheka. Mimi nilimtazama nikitegemea atacheka.

"Sasa hili la juu ndilo linalonishangaza," afisa akaendelea. "Udongo mzuri, mbegu umesema safi. Jembe mnatumia moja?"

"Kila mtu na lake," akasema Bi Mkubwa. "Sikubali jembe lake livuke mtaro. Toka mwaka juzi sikubali."

"Maji?"

"Yanatoka juu kwenda chini. Yake hayaji kwangu."

"Samadi?"

"Ya ng'ombe wangu huyo hapo."

"Anakula nini?"

"Majani. Pumba kidogo."

Afisa alikuwa anaandika. Angeandika, angefunga daftari, angesema ni bahati mbaya. Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Ilikuwa pana kama lango la shule. Lakini nilitaka kujua. Ni ujinga wangu huo, kila siku nataka kujua.

"Na viazi," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Viazi gani?" akauliza Bi Mkubwa.

"Vyangu. Vya stoo. Nilikuwa namkatia kila alfajiri." Nikamgeukia afisa. "Lakini tumbo la ng'ombe si linaviua hivyo vidudu? Si linasaga?"

Afisa nilimwona anatafuta namna ya kulisema. "Haliviui, mama. Vinapita tumboni vikiwa hai, vinatoka na samadi. Kiazi chenye ukurutu hakipewi mnyama kibichi kama samadi yake inarudi shambani. Labda kingechemshwa."

Kuchemsha. Sufuria ninayo. Kuni ninazo.

"Utakaa muda gani?" Bi Mkubwa akauliza. Alimuuliza yeye, hakunitazama.

"Sitawadanganya. Mnaweza kupanda mahindi, mkapanda maharage, mkamwagilia vizuri. Vitapungua. Lakini vinakaa miaka mingi. Mashamba mengine nimeyakuta miaka kumi na bado."

"Mimi nina themanini kasoro moja."

Afisa akafungasha chupa zake, akatuachia karatasi, akaenda. Pikipiki ilisikika mpaka ikapinda kule kwenye duka la mbao.

Ndipo Bi Mkubwa akaniangalia.

"Kila alfajiri?"

"Kila alfajiri."

"Kabla sijaamka."

"Ndiyo, dada. Nilitaka Shemeji anenepe. Nilitaka samadi isipungue. Umenilisha miezi minane..."

"Kama ni wema, kwa nini ulinificha?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nikiwa darasa la pili, mwalimu akanitoa nje kwa sababu hiyo. Nilikuwa na sababu, nimekwisha kuzisema hapo juu. Lakini hebu zisikie zikitoka kinywani kwa mtu aliyewahi kukushonea mikono ya gauni. Nilionea haya. Nilitaka ufurahi bila kujua. Hata masikioni mwangu zilisikika kama mwanzo wa utani.

"Nilionea haya," nikasema.

"Wewe?"

"Wallahi."

"Wewe uonee haya." Akashika fimbo, akainuka polepole. "Nilikucheka siku ile viazi vyako vilipougua. Nikasema vinafanana na wewe. Ukataka na vyangu vifanane nami."

"Sivyo, dada! Naapa kwa kaburi la mume wetu sivyo."

"Uliwahi kuapa kwa kaburi hilo hilo kwamba hukuweka chura kwenye ndoo yangu."

Na ni kweli. Niliapa. Na chura nilimweka mimi.

Akasimama mlangoni kwake. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ya hasira. Hasira ningeiweza. "Ningekuamini kama ungekuwa mtu mwingine," akasema, akaingia ndani.

Jumapili simu ilipolia, alizungumza kwa sauti ndogo. Mara ya kwanza maishani mwake alizungumza na simu kama watu wengine. Sikusikia neno hata moja, na nilielewa yote.

Siku nne zilizobaki kabla binti yake hajaja kumchukua nilijaribu kila nilichonacho. Nilimpelekea uji, akaupokea, akarudisha bakuli limeoshwa. Nilimtukana mlangoni kwake asubuhi, nikamwambia anapanga nguo kama anayetoroka na mchumba. Akasema, "Ni kweli, ni nyingi," akaendelea kukunja. Nilimwita Chumvi aje anisemee. Alikuja na karatasi ya chipsi, akasimama uani, kofia mkononi.

"Bi Mkubwa, huyu mwenzako ni mtukutu, lakini si mbaya."

"Sijasema ni mbaya, mwanangu."

"Sasa unaondoka kwa nini?"

"Nilisema udongo ukinikataa nitaondoka. Umenikataa. Neno langu mwenyewe silivunji."

Chumvi akanitazama mimi, akatazama chini, akaziacha chipsi juu ya mtungi. Hazikuliwa na mtu.

Usiniulize kama nilimwomba abaki. Nilimwomba. Nilimwambia nitalima mahindi pande zote mbili, atakula bila kushika jembe. Akaniambia, "Nikae tu, nilishwe na wewe?" Nikamwambia yeye alinilisha miezi minane. Alifikiri. Nilimwona anafikiri, na kwa muda huo mdogo nilikuwa na matumaini. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nakupa mchana, mlangoni, kwa kishindo."

Binti yake alifika asubuhi na gari la kukodi. Ni binti mzuri, ananiita mama mdogo na alinikumbatia kama kawaida, lakini alinikumbatia haraka. Tulitoa godoro, sanduku, sufuria mbili. Shemeji alishauzwa juzi yake; zizi lilikuwa wazi na kamba iko chini. Bi Mkubwa akatembea mwenyewe mpaka garini, hakutaka mkono wangu, wala hakuukataa, aliupita tu kama mtu anavyopita mti wa uzio.

Nikainama kwenye dirisha la gari. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote. Nililitaka. Usiku kucha nilikuwa nimempangia majibu.

"Ubaki salama, mama," akaniambia.

Mama. Kama unavyomwambia muuza duka.

"Safari njema," nikasema. Sikupata jingine.

Gari likaondoka. Nikaenda juu ya mtaro, kwa sababu matuta yake zaidi ya nusu yalikuwa hayajachimbwa, na viazi haviachwi ardhini, hata viwe na upele. Nilichimba siku ile na siku zilizofuata. Nilivitoa, nikavisafisha, nikavipanga kwenye magunia kana kwamba kuna anayevisubiri. Kisha nikajaza sufuria kubwa maji, nikawasha moto, nikaanza kuvichemsha, ndoo kwa ndoo. Ng'ombe mwenyewe hayupo. Nilichemsha tu. Stoo ilipojaa viazi vilivyopikwa vikaanza kunuka, nikachimba shimo mbali na mashamba yote mawili nikavizika.

Jumapili ya tatu simu yangu ililia. Ni binti.

"Mama mdogo, hujambo? Tulifika salama, samahani sikupiga mapema."

"Sijambo, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Yupo. Anakaa dirishani. Goti limepungua kidogo."

"Anacheka?"

Nilisikia vyombo nyuma yake, na redio ya mtu.

"Anakusalimia sana," akasema.

Namjua Bi Mkubwa miaka arobaini na minne. Hajawahi kumsalimia mtu sana.

"Amesema lini?"

"Leo. Asubuhi hii."

"Alisemaje? Nitajie maneno yake, kama alivyoyasema."

Yule binti hajui kudanganya, hakujifunza, na mimi niliyeweza kumfundisha nilikuwa mbali. Alianza, akaacha. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mama mdogo," akasema, "mimi ndiye ninayekusalimia."

"Nimeitikia, mwanangu," nikamwambia. "Nimeitikia sana."

Nikaizima simu, nikaiweka juu ya mtungi, nikakaa kizingitini nikitazama mlango wa nyumba ya pili.